Kinu Kilichopanga Bei

Siku tuliyomzika bwana wangu Rajabu, mtani wake Kondo alikuja msibani amevaa miwani myeusi ya marehemu ya kuchomelea chuma. Nadhani aliingia uani kimyakimya akaitoa kwenye msumari wake, maana nyumba yetu anaijua kuliko baadhi ya wanangu. Mzee mzima, kanzu nyeupe, fimbo mkononi, na macho yamefichwa na vioo vya giza. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani chumbani pamoja na wanawake wenzangu, sikumwona, haya niliambiwa baadaye. Nilichosikia ni kicheko kikipita barazani, kile kicheko cha msibani ambacho mtu hukitoa huku anafuta machozi, nikajua amefika. Kisha nikasikia sauti za wanaume zikimwomba apishe, jeneza linataka kutoka, naye akijibu kwamba halitoki. Alikuwa amejilaza kwenye kizingiti cha mlango. Alisema fundi huyu ni wake, amemtumia maisha yake yote, na anayemtaka aanze kwa kutaja bei.

Vijana waliokuja na wanangu kutoka Dar es Salaam walishikwa na bumbuwazi. Watu wa Tabora hawakushangaa. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akija kwenye msiba wako akakaa kwa adabu, ujue ana kinyongo. Lakini mimi niliposikia neno bei nikainamisha kichwa ndani ya kanga, na wenzangu wakanishika mabega wakidhani nimezidiwa. Nilikuwa ninacheka. Katika mji mzima tulikuwa tumebaki wawili tu, mimi na huyo aliyelala kizingitini, tunaojua bei za Rajabu zilikuwa zinapangwa wapi. Wakati wao wanabishana huko nje, mimi nilikuwa nimekwisha kurudi kwenye mwaka wetu wa kwanza, katika nyumba hii hii, wakati tulipokuwa wapangaji wenye vyumba viwili na mkeka mmoja.

Bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea Boma. Tulikuwa tumeoana miezi michache tu, na Rajabu alikuwa anafanya kazi katika karakana ya reli. Kuchomelea alijifunza pale, na alikujua kweli, lakini kwenye kazi aliandikwa msaidizi. Kazi inafanywa na yeye, sifa na mshahara vinakwenda kwa mtu aliyesimama nyuma yake mikono mfukoni. Siku moja akarudi nyumbani mapema, akakaa kitandani bila kuvua viatu, akaniambia ameacha. Msimamizi wake, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwambia nafasi yake itamngoja mpaka mvua zianze, baada ya hapo wataajiri mwingine. Nilimuuliza itakuwaje mambo yasipokwenda. Rajabu hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini jibu lile sijalisahau.

"Nikirudi pale, Zena, nitakuwa msaidizi mpaka nife."

Basi ndivyo tulivyoanza. Akiba yake yote iliishia kwenye bomba la kuchomelea lililokwisha tumika, pipa la chuma la kutengenezea gesi, na mtungi wa oksijeni ambao ukiisha ni lazima urudi Dar es Salaam kwa treni ya mizigo na kuletwa mwingine. Gesi yenyewe ilitokana na mawe fulani ya kijivu, ukiyatia maji ndani ya lile pipa yanachemka na kutoa harufu kama ya kitunguu saumu kilichooza. Harufu ile iliingia kwenye mashuka, kwenye nywele zangu, kwenye mchele. Mama yangu alipokuja kunitembelea alikaa kidogo akaniuliza kwa upole kama nina ugonjwa. Leo nikiisikia mahali, nikipita karibu na karakana ya vijana, ninasimama kama mtu aliyeitwa jina.

Rajabu aliezeka banda la mabati mbele ya nyumba, na ukuta wa nyuma wa banda ndio uliokuwa ukuta wa ua wangu. Ulikuwa ukuta wa udongo, haukufika kwenye bati, kwa hiyo maneno yote ya banda yalipita juu yake na kuniangukia. Wakati ule mke wa mtu wa mjini hakukaa kibandani na wanaume. Nilikuwa uani na kinu changu, ninatwanga kisamvu au karanga, na huku ninasikia kila kitu: salamu, habari za njiani, habari za ng'ombe, kisha kazi yenyewe. Na hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa unaanza kwenda mbio, kwa sababu bwana wangu alikuwa hawezi kutaja bei.

Sisemi kwamba alikuwa anataja bei ndogo. Alikuwa hawezi kuitaja kabisa. Mtu akimuuliza, "Fundi, kiasi gani?" yeye anatazama juu kwenye bati, anajikuna sikio, kisha anasema, "Wewe unaonaje?" Hebu fikiria. Mtu amekuja na baiskeli iliyokatika fremu, anataka kutumia kidogo kadiri iwezekanavyo, halafu unamuuliza yeye anaonaje. Aliona senti hamsini. Rajabu anasema haya, anavaa miwani, na kazi anayoifanya ni ya shilingi tano. Anasafisha chuma kwa msasa mpaka king'ae, anachoma, anaacha kipoe polepole, anagonga asikilize mlio, asiporidhika anarudia. Nilimwambia, kama wamekupa senti hamsini si uwafanyie ya senti hamsini? Aliniangalia kwa mshangao hasa, akasema chuma hakijui kimelipiwa kiasi gani, kikiachia kitamwangusha mtu barabarani. Nilikasirika, nikampenda zaidi, na chakula cha jioni kilikuwa matobolwa.

Ukitaka kujua hali ya kazi yetu mwaka ule, usiulize fedha, uliza tulikula nini. Mwezi wa kwanza tulikula wali, na Ijumaa kuku. Ukaja ugali na maziwa mgando. Ukaja ugali na mlenda. Mwisho tukafika kwenye matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kuanikwa, tunatafuna na karanga asubuhi, tunatafuna na chai ya rangi jioni. Rajabu alikuwa anatafuna huku anasifia kama yuko karamuni. Alisema matobolwa yangu yana utamu ambao hajauona kwingine. Yalikuwa matobolwa ya sokoni kama ya kila mtu.

Na katika hali hiyo ndipo Kondo akaingia. Alikuwa gadi wa treni ya mizigo, kijana mrefu wa Kizaramo mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na yeye ndiye aliyekuja na behewa lililoleta mtungi wetu wa kwanza. Aliposikia kwamba fundi ni Mnyamwezi alifurahi kama aliyeokota lulu. Siku ile ile alileta baiskeli yake ichomelewe keria. Ilipokuwa tayari akaipanda, akamwambia Rajabu, "Mtani, ukitaka malipo nenda kachimbe kwenye kaburi la babu yako," akaondoka zake anacheka. Utani huo, utafanya nini? Ukimdai mtani umejiaibisha. Juma lililofuata alileta rafiki yake, naye Mzaramo. Kisha akaja mwingine. Nilikuwa ninasikiliza kutoka uani jinsi Wazaramo wanavyoongezeka Tabora, na wengine lafudhi yao ilikuwa ya Kigogo tupu. Na kila Kondo alipokuja alipitia uani kunitukana mpishi wa matobolwa, na akiondoka ameondoka na kipande.

Mtungi ulipofika nusu na msimu wa kiangazi ukiwa umekolea, niliona nisipofanya jambo tutakwisha. Nilikuwa nimesoma madarasa kadhaa, nilijua kuandika vizuri. Nikamwambia Rajabu, kama huwezi kutaja bei, ngoja itajwe na mlango. Nikachukua chokaa nikaandika kwenye mlango wa banda, kwa herufi kubwa: fremu ya baiskeli kiasi hiki, keria kiasi hiki, plau kiasi hiki, bei ni moja. Nilijiona mtu wa maana. Bei zenyewe nilizipima vizuri, nimeuliza gesi inayoliwa, waya unaoyeyuka, na siku nzima za kukaa bila mteja, maana hata siku hizo tulikuwa tunakula. Niliona hakuna tena ubishi, na mtu wa haki atafurahi kuambiwa ukweli tangu mlangoni.

Hawakufurahi. Walikuja, wakasoma au wakasomewa, wakasema, "Aa, haya, tutarudi," na hawakurudi. Aliyeniuma zaidi ni mzee Yohana wa Kigwa, mkulima, Mkatoliki mwenye rozari shingoni, ambaye alikuja kwa treni na plau lililovunjika shingo akiwa amelibeba begani kutoka stesheni. Nilimsikia akimsalimu Rajabu kwa Kinyamwezi, wakaitikiana vizuri. Akaketi. Akauliza ile kwenye mlango ni nini, na Rajabu akamsomea.

"Kumbe mmeshamaliza kuzungumza wenyewe," mzee akasema.

Hakusema kwa ukali. Aliinuka, akajitwisha plau lake, akaaga kwa adabu zote, akarudi nalo stesheni. Bei niliyoandika ilikuwa nafuu kuliko ambayo angeikubali mwenyewe, nina hakika. Lakini alikuwa ametoka Kigwa kuja kuzungumza. Alitaka kueleza plau lile lilivunjika kwenye kisiki gani, alitaka kusikia fundi akishangaa, apande, ashuke, na mwisho waseme haya kwa pamoja, ili akirudi nyumbani awe na la kusimulia. Mimi nilikuwa nimempokea kwa ubao. Nilikaa uani na mchi mkononi, sikutwanga, nikasikia aibu mpaka kwenye masikio.

Siku mbili baadaye Kondo akapita, akaona maandishi, akakaa chini kwa kucheka. Alisema sisi Wanyamwezi tumefungua stesheni. Kisha akasema kwa sauti yake ya kawaida, ambayo hakuitumia mara nyingi, kwamba hata stesheni mtu husalimiwa kwanza ndipo akatiwe tiketi. Jioni ile nikachukua kitambaa chenye maji nikafuta mlango. Rajabu hakunicheka wala hakunilaumu, alinishikia ndoo tu. Lakini tulikuwa tumerudi pale pale, kwenye kutazama bati na kujikuna sikio, na sasa mtungi ulikuwa unaelekea kwisha. Mwanzoni mwa mwezi, mfanyakazi mmoja wa karakana ya reli akaja na salamu za msimamizi: mawingu yameanza kujikusanya, Rajabu amefikiria nini? Rajabu akajibu bado anafikiria. Usiku huo hakula.

Kilichotuokoa sikukipanga, na nikisema nilikipanga Rajabu atanicheka huko aliko. Alikuja Bwana Seif, tajiri wa malori, Mwarabu wa mjini, mtu wa maneno matamu ambaye mafundi wote wa Tabora walikuwa wanamtetemekea kwa jinsi anavyojua kushusha bei. Lori lake moja lilikuwa limepasuka chasisi na lazima liende Sikonge kuchukua asali na nta. Nilikuwa ninatwanga karanga. Nilimsikia Rajabu, baada ya kusukumwa sana, akijitahidi kutaja shilingi sitini, na kwa kazi ile ilikuwa haki kabisa. Bwana Seif akasema ishirini na tano. Akasema pia ana malori manne, leo amfanyie rahisi, kesho kazi zitamjia nyingi mpaka azikimbie. Hiyo kesho kila fundi ameahidiwa, sijamwona aliyeifikia. Rajabu akashuka hamsini. Nikatwanga kwa nguvu zaidi. Akashuka arobaini na tano. Arobaini. Nilikuwa nimepiga hesabu ya mtungi mpya na nauli yake, na arobaini haikutosha hata tukifunga matumbo. Alipofungua mdomo kusema thelathini na tano, mchi ukanifia mikononi. Nilisimama tu, nimekaza meno, ninasikiliza.

Na upande wa pili Rajabu naye akanyamaza. Baadaye aliniambia alidhani nimeanguka. Mlio wa kinu ulikuwa umekatika ghafla, na siku zile nilikuwa nimeanza kuona kizunguzungu cha ujauzito wa kwanza, kwa hiyo bei na lori vyote vikamtoka kichwani, akabaki amesimama na mdomo nusu wazi, anasikiliza ukuta. Bwana Seif hakujua hayo. Aliona fundi ambaye dakika moja iliyopita alikuwa anateleza kama sabuni, sasa amekauka, hamtazami, hajibu. Akasema arobaini. Kimya. Akasema arobaini na tano. Mimi nilikuwa sipumui. Bwana Seif akaguna, akasema haya Fundi, hamsini, na usinitazame hivyo, na kazi iwe nzuri.

"Kazi yangu ni nzuri siku zote," Rajabu akasema, na hilo alilisema kwa urahisi kabisa, maana hilo halikuwa bei.

Akaingia uani anakimbia. Alinikuta nimesimama mzima na mchi wangu. Tulitazamana, kisha nikaanza kucheka, naye akacheka mpaka akakaa chini, mikono kichwani, tunaziba midomo ili Bwana Seif asisikie. Tangu siku ile hatukuandika tena kitu mlangoni. Rajabu alimpokea mteja, akamsalimu, akampa kigoda, akasikiliza habari yote ya chuma chake tangu kinanunuliwa. Alimwonyesha ufa kwa kidole, akamweleza atafanya nini na itakuwa tayari siku gani, na siku hiyo ikifika ilikuwa tayari. Kisha wakaanza kupanda na kushuka, na mimi ninatwanga. Mlio ukiendelea, bado kuna nafasi. Mlio ukikatika, hapo ndipo mwisho wa fundi. Ajabu ni kwamba alipojua ukomo unatoka nje yake alianza kufurahia mazungumzo, akawa anatania wateja, anajidai kulia, na watu wakasema Fundi Rajabu amechangamka, ndoa imemkubali. Nilitwanga mwaka ule vitu ambavyo havikuhitaji kutwangwa. Siku ambazo sikuwa na kisamvu nilitwanga kinu kitupu.

Aliyebaki ni mtani, Kondo. Mtungi mpya uliagizwa, na kutoka stesheni mpaka kwetu Isevya wapagazi walikuwa wanataka fedha ambazo ziliniuma roho, na wakati huo huo Kondo analeta baiskeli yake fremu imekatika kabisa, na cheko lake lile lile. Rajabu akaichomelea kama anavyochomelea kila kitu. Mimi nikangoja. Ilipokuwa tayari na wao wamekaa wanakunywa kahawa, nikaizungushia nyuma, nikaiingiza chumbani kwetu, nikaiegemeza kwenye kitanda, nikarudi kwenye kinu. Kondo aliitafuta banda zima. Ndipo nikamwambia, kupitia juu ya ukuta, kwamba baiskeli yake imelala kwenye chumba cha mke wa mtu, na kama anaona ana ubavu aingie aichukue. Babu yake nami nilimtaja, kwa heshima zote. Utani ni wa pande mbili, na yeye alikuwa amesahau.

Alilalamika, akaomba, akanipandishia: ataniletea nazi kutoka pwani. Nikaendelea kutwanga. Ataniletea nazi na samaki mkavu. Nikaendelea kutwanga. Akasema basi mtungi ukifika ataubeba yeye mwenyewe na rafiki zake mpaka hapa, safari hii. Nikaendelea. Akasema kila mtungi, siku zote atakazokuwa kwenye reli. Nikaacha kutwanga. Alikuwa na akili yule, alikuwa amekaa kibandani kwetu siku nyingi kuliko mteja yeyote.

"Mtani," akasema, "kumbe bei yenu iko kwenye kinu."

Rajabu alimwapisha asimwambie mtu, na hakumwambia. Na mtungi ulipofika, yeye na wenzake wawili waliupandisha kwenye mkokoteni, wakausukuma kutoka stesheni kupitia katikati ya mji, Kondo mbele anaimba nyimbo za wapagazi alizozitunga njiani. Alikuwa anawatangazia watu kwamba miaka yote Wanyamwezi ndio waliobeba mizigo ya watu mpaka kwao pwani, leo Mzaramo amelipa, mje mshuhudie. Watoto walimfuata, wanawake walitoka milangoni. Hakuna tangazo la biashara ambalo lingetufaa zaidi ya lile. Watu wa mtaa wa Ipuli ambao hawakuwahi kusikia habari zetu walijua kuanzia siku hiyo kwamba kuna fundi wa kuchomelea Isevya, na kwamba hata watani wake humlipa.

Kuhusu mzee Yohana, Rajabu alipanda treni mwenyewe kwenda Kigwa. Hakubeba chombo chochote, alikwenda kumwamkia. Alikaa huko mpaka jioni, akala ugali na nsansa, yale majani makavu ya kunde, akasikia habari ya kile kisiki, na alirudi na plau limefungwa kwa kamba na mzee mwenyewe nyuma yake. Waliongea bei kuanzia asubuhi. Niliandaa chakula, tukapakua, wakala, wakaendelea. Nilitwanga karanga, nikatwanga kisamvu cha siku ile na cha kesho yake, mikono ikaniuma, na sikuacha, kwa sababu safari hii Rajabu hakunihitaji. Alisimama mwenyewe mahali pa haki, anacheka, hasogei, na mzee naye anacheka. Waliposema haya kwa pamoja nilisikia viganja vikigongana. Juma lile lile Kigwa nzima ilikuja na maplau yao, maana kila mtu alitaka kulima mvua ikianguka. Mvua ya kwanza ilinyesha Rajabu akiwa chini ya banda amevaa miwani, cheche zinaruka, na yule mjumbe wa karakana alikuwa amekuja akasimama pembeni akijikinga. Hakuulizwa kitu, naye hakuuliza. Mvua ilipopungua akaaga.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nyumba hii tuliinunua baadaye, watoto wakazaliwa, Kondo akaoa Ipuli na hakurudi tena kwao, na pale ukutani kinu bado kipo, ingawa miaka ya mwisho Rajabu alikuwa anataja bei zake bila kusaidiwa na mtu na mimi nilikuwa ninatwanga kwa mazoea tu. Mara nyingine, mteja akishaondoka, aliniuliza kupitia juu ya ukuta, "Zena, ulikuwa hapo?" Nilikuwa nikigonga kinu mara moja kumjibu.

Siku ya msiba wake majirani walikuwa wanapika uani, na binti mmoja wa jirani alikuwa anatwanga kwenye kinu kile kile. Huko mlangoni wazee walimpa Kondo sarafu, akazitupa. Wakampa noti, akauliza kama wanadhani fundi huyu alitengenezwa kwa mabati. Walicheka, wakapandisha, naye akakataa, akapandisha yake. Ilianza vizuri, lakini nilisikia inavyogeuka. Jua lilikuwa linapanda, watu wa makaburini wanangoja, vicheko vilipungua, na sauti ya Kondo ilikuwa imeanza kupasuka. Nilielewa. Hakuwa tena anatania, alikuwa hawezi kuinuka pale. Akiinuka, Rajabu anaondoka. Mwanangu mkubwa alimwambia, "Baba Kondo, shikamoo, tunakuomba," naye hakuitikia. Mimi pia, Mungu anisamehe, nilitaka asiinuke. Nilitaka abishane mpaka Magharibi, mpaka kesho, na Rajabu akae nyumbani.

Binti alikuwa anaendelea kutwanga, tu, tu, tu, hajui lolote. Nilimwita mwanamke aliyekaa karibu na mlango wa uani, nikamwambia amwambie aache.

Mlio ukakatika.

Huko mbele Kondo akanyamaza katikati ya neno. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akasema, si kwa wazee waliomzunguka, kwa ukuta, "Haya, mtani. Nimekusikia." Fimbo ikagonga sakafu, akasaidiwa kuinuka. Waliniambia alivua miwani akaiweka mfukoni, hakuchukua hata senti, akaomba ashike jeneza upande wa mbele, na wakampa ingawa mikono yake haikuwa na nguvu. Nikasikia miguu ikishuka barazani, nyingi, pamoja, na wanaume wakianza kusoma, wakapinda kwenye kona, sauti ikawa ndogo.

Binti akachungulia chumbani, mchi bado mkononi, akaniuliza kwa woga, "Bibi, niendelee?"

Nikamwambia aendelee, watu wakitoka makaburini watakuwa na njaa.